Dubai hadi Guangzhou kwa ndege: kukokotoa umbali na muda halisi wa safari

Kutoka Dubai hadi Guangzhou ni kilomita 5,840 hivi. Ndege ya moja kwa moja huchukua saa 7 na ushei kwenda, na saa 8 na ushei kurudi. Jibu hilo linamtosha anayeuliza barazani. Kwa anayetaka kujua alale wapi, amwambie mwenyeji ampokee saa ngapi, au kama ataiwahi ndege ya pili, halitoshi. Njia hii hutumiwa sana na wafanyabiashara wa Afrika Mashariki na Waswahili wa Ghuba, na makosa yanayofanyika ni yale yale: kusoma saa vibaya, kukosea tarehe, kudhani kurudi ni sawa na kwenda.

Hapa tunakokotoa kila kitu kwa mkono, kwa kikokotoo cha simu. Ukiielewa njia hii moja, utaweza kuitumia kwa miji mingine yoyote miwili ya Asia. Jambo moja kabla ya kuanza: saa zilizoandikwa kwa mfumo wa tiketi, kama 10:45 au 22:00, tunaziacha kama zilivyo, na saa ya Kiswahili tunaiandika kwa maneno. Muda wa kusafiri tunauandika kwa tarakimu, kama "saa 7 na dakika 15".

1. Chagua uwanja, usichague mji

Umbali wa anga hupimwa kati ya viwanja viwili vya ndege. Dubai ina viwili. Ule wa mjini, karibu na Deira, una alama ya DXB. Al Maktoum, ulioko Jebel Ali upande wa kusini, una alama ya DWC. Kwa gari, mmoja hadi mwingine ni safari ya mji mzima, kwa hiyo anayefika uwanja usio wake saa 2 kabla ya ndege kuondoka huwa keshachelewa. Guangzhou ina uwanja mmoja mkubwa wa abiria, Baiyun, wenye alama CAN, kutokana na Canton, jina la zamani la mji huo kwa wageni. Uwanja huo ulihamia hapo ulipo mwaka 2004 na uko kaskazini mwa mji, karibu kilomita 30 kutoka katikati.

Nukta zake kwenye ramani ni hizi:

DXB: latitudo 25.2528 kaskazini, longitudo 55.3644 mashariki.
CAN: latitudo 23.3924 kaskazini, longitudo 113.2988 mashariki.

Ramani za simu hutoa nukta hizi ukibonyeza mahali na kushikilia kidole. Chukua nukta ya uwanja wenyewe. Ukibonyeza katikati ya jiji la Guangzhou utakuwa umehamia kusini kwa karibu kilomita 30. Kwa safari hii ndefu tofauti hiyo ni ndogo, lakini kwa safari fupi inaonekana.

2. Kokotoa umbali

Geuza simu yako ilale ubavu ili vitufe vya sin na cos vijitokeze. Hakikisha kikokotoo kiko kwenye digrii (DEG), kisiwe kwenye RAD. Kipime kwa kuandika sin 30. Ukipata 0.5, endelea. Ukipata hasi 0.988, kiko kwenye RAD, na kila utakachokokotoa kitakuwa upuuzi unaofanana na jibu. Hili ndilo kosa la kwanza la karibu kila mtu.

Sasa fuata hatua hizi:

Toa longitudo moja kwenye nyingine: 113.2988 − 55.3644 = 57.9344.

Zidisha sin ya latitudo ya kwanza kwa sin ya latitudo ya pili: 0.42661 × 0.39703 = 0.16938.

Zidisha cos ya latitudo ya kwanza, cos ya latitudo ya pili, na cos ya ile tofauti ya longitudo: 0.90443 × 0.91781 × 0.53089 = 0.44069.

Jumlisha majibu hayo mawili: 0.61007.

Bonyeza cos⁻¹ ya jumla hiyo. Unapata digrii 52.406. Hiyo ni pembe kati ya viwanja viwili ukivitazama kutoka kitovu cha dunia.

Zidisha kwa 111.195, ambazo ni kilomita za digrii moja juu ya uso wa dunia: kilomita 5,827.

Tovuti nyingi zitakuonyesha 5,838 au karibu na hapo. Hujakosea. Hesabu yetu inaichukulia dunia kuwa tufe kamili, na dunia imebonyea kidogo kwenye ncha zake na kuvimba kwenye ikweta. Kwa safari inayokwenda mashariki katika latitudo hizi, kule kuvimba kunaongeza kilomita 11 hivi. Kuanzia hapa tunatumia 5,840.

Ukihitaji vipimo vingine, gawa kwa 1.852 kupata maili za baharini, ambazo ndizo rubani anazotumia: karibu 3,150. Gawa kwa 1.609 kupata maili za kawaida: karibu 3,630. Programu za kufuatilia ndege huchanganya vipimo hivi vitatu, kwa hiyo ukiona tarakimu mbili zimetofautiana mno, angalia kipimo kabla ya kulaumu hesabu.

Onyo kwa miji iliyo kusini mwa ikweta: latitudo yake iandikwe kwa alama ya hasi. Jakarta iko digrii 6 hivi kusini. Ukisahau ile hasi, utakuwa umeihamisha kaskazini kwa zaidi ya kilomita 1,300 na kuitupa baharini, kusini mwa Vietnam.

3. Ndege inapita wapi, na kwa nini njia ni ndefu kuliko umbali

Chora mstari ulionyooka kwenye ramani ya ukutani kutoka Dubai hadi Guangzhou. Utakata katikati ya India, karibu na Gaya, kwenye latitudo ya 24 na kitu. Njia fupi ya kweli haipiti hapo. Ukivuta uzi kwenye tufe, utapanda kaskazini hadi digrii 27 na kitu, yaani kilomita 300 na zaidi juu ya ule mstari. Unapita pwani ya Chabahar na Gwadar, unaingia Rajasthan, unapita kaskazini kidogo ya Lucknow, unagusa ukanda wa tambarare wa kusini mwa Nepal, kisha Bhutan, kaskazini mwa Myanmar, Yunnan, Guangxi, halafu unashuka Guangdong.

Pamoja na mpindo huo wote, faida yake ni ndogo: ukishika mwelekeo wa mstari wa ramani unaongeza kilomita 47 tu. Mpindo huwa na maana kubwa kwa miji iliyo mbali kaskazini. Hapa, kinachoamua njia ni milima, mipaka na majeshi.

Milima kwanza. Mstari wetu unapita kando ya Himalaya, na nyuma yake kuna uwanda wa Tibet ulio juu kwa mita 4,000 na zaidi. Ndege yenyewe hupita mita 10,000 hadi 12,000, kwa hiyo haigongi kitu. Tatizo ni pale hewa ya ndani inapovuja: rubani anatakiwa ashuke haraka hadi karibu mita 3,000, mahali ambapo abiria anaweza kupumua bila barakoa, na juu ya Tibet kimo hicho kiko ndani ya mwamba. Ndiyo maana ndege nyingi hukaa kusini ya milima hata pale njia fupi inapozivuta kaskazini.

Kisha mipaka. Pakistan ilifunga anga yake mwishoni mwa Februari 2019 na kuifungua kikamilifu katikati ya Julai mwaka huo. Tangu Aprili 2025 Pakistan na India zimefungiana anga kwa ndege za nchi hizo mbili, jambo ambalo haliwagusi moja kwa moja abiria wa mashirika ya Ghuba au ya China, ila linasogeza msongamano kwenye njia nyingine. Juni 2025 anga ya Iran ilifungwa kwa siku kadhaa, na anga ya Falme za Kiarabu nayo ikafungwa kwa muda mfupi.

Ndege ikikatazwa kupita kaskazini, njia ya akiba hupita Mumbai na Kolkata. Tuipime: Dubai hadi Mumbai kilomita 1,930, Mumbai hadi Kolkata 1,660, Kolkata hadi Guangzhou 2,535. Jumla 6,125, yaani nyongeza ya kilomita 285 au dakika 19 hivi angani. Kwa maneno mengine, hata njia hiyo ya mzunguko inaongeza asilimia 5 tu.

Ndani ya China njia za kiraia ni chache kwa sababu sehemu kubwa ya anga iko chini ya jeshi. Ndege hupangwa kwenye foleni zile zile, na hapo ndipo dakika nyingi hupotea.

Kwa hiyo kanuni ya kupangia: zidisha umbali kwa 1.05. Kwa Dubai na Guangzhou ni kilomita 6,132.

4. Geuza kilomita kuwa saa

Ndege kubwa za njia hii, kama Boeing 777-300ER, husafiri kwa asilimia 84 ya mwendo wa sauti. Kwenye baridi ya juu huko, karibu digrii 54 chini ya sifuri, hiyo ni kama kilomita 895 kwa saa. Tuseme 890. Huo ni mwendo ndani ya hewa. Hewa yenyewe nayo inakwenda.

Kuna dakika ambazo hazihusiani na umbali: ndege kusukumwa kutoka langoni, kutambaa hadi njia ya kurukia, kupanda polepole, kushuka kwa mzunguko, kutambaa tena hadi langoni. Kwa viwanja viwili vyenye msongamano kama hivi, weka dakika 40.

Bila upepo: 6,132 ÷ 890 = 6.89. Sehemu ya desimali izidishe kwa 60: 0.89 × 60 = 53. Kwa hiyo saa 6 na dakika 53, ongeza 40, unapata saa 7 na dakika 33 lango hadi lango. (Ukisoma 6.89 kama saa 6 na dakika 89, simu haitakusahihisha.)

Sasa weka upepo. Juu ya kaskazini mwa India, kati ya Desemba na Machi, kuna mkondo wa upepo mkali unaotoka magharibi kwenda mashariki, kwenye kimo kile kile ndege inakopita. Kitovu chake huweza kuzidi kilomita 200 kwa saa. Usiuchanganye na kaskazi na kusi zetu, zinazovuma chini kabisa. Huu uko kilomita 10 hadi 12 juu na una kalenda yake. Anayekwenda Guangzhou unamsukuma kwa nyuma. Anayerudi Dubai unamjia wa mbisho.

Rubani hapiti katikati ya mkondo safari nzima, kwa hiyo tumia wastani. Upepo wa kilomita 60 kwa saa ni makadirio mazuri ya kawaida, na 100 kwa miezi ya baridi:

Kwenda, upepo 60: 6,132 ÷ 950, pamoja na dakika 40, ni saa 7 na dakika 7.
Kwenda, upepo 100: 6,132 ÷ 990, pamoja na dakika 40, ni saa 6 na dakika 52.
Kurudi, upepo 60: 6,132 ÷ 830, pamoja na dakika 40, ni saa 8 na dakika 3.
Kurudi, upepo 100: 6,132 ÷ 790, pamoja na dakika 40, ni saa 8 na dakika 26.

Mwezi wa Januari, basi, tofauti kati ya kwenda na kurudi inaweza kufika saa moja na nusu. Julai na Agosti mkondo ule huhamia kaskazini ya Tibet, na safari mbili hukaribiana. Ratiba za mashirika hufichaficha tofauti hii kwa kuweka muda wa ziada, ndiyo maana ndege ya kwenda mara nyingi hutua mapema. Kutua mapema kusikufurahishe haraka: mara nyingine lango bado lina ndege nyingine.

Njia hiyo hiyo kwa safari fupi: Dubai hadi Mumbai, 1,930 × 1.05 ÷ 890, pamoja na dakika 40, ni karibu saa 3. Tazama uzito wa zile dakika 40 hapo. Umbali umepungua mara tatu lakini muda haukupungua mara tatu.

5. Saa za miji miwili

Tiketi huandika kila saa kwa saa ya mji husika. Kuondoka ni saa ya Dubai, kufika ni saa ya Guangzhou. Dubai iko saa 4 mbele ya saa ya dunia (UTC). China nzima, ingawa ni pana, hutumia saa ya Beijing, iliyo saa 8 mbele. Hakuna kati yao anayesogeza saa majira ya joto, kwa hiyo tofauti ni saa 4 mwaka mzima.

Ili usikosee, geuza saa zote mbili ziwe za dunia kisha toa. Mfano: tiketi inasema unaondoka Dubai 10:45 na kufika Guangzhou 22:00. 10:45 toa 4 ni 06:45. 22:00 toa 8 ni 14:00. Kutoka 06:45 hadi 14:00 ni saa 7 na dakika 15. Anayetoa 22:00 na 10:45 moja kwa moja hupata saa 11 na dakika 15, kisha anaogopa bure.

Kurudi: unaondoka Guangzhou 00:15, unafika Dubai 04:45. Kwa macho ni saa 4 na nusu. Ongeza zile 4 za tofauti, ni saa 8 na nusu.

Kwa walioko nyumbani: Tanzania, Kenya na Uganda ziko nyuma ya Dubai kwa saa moja na nyuma ya Guangzhou kwa saa 5. Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo ziko nyuma ya Dubai kwa saa 2 na nyuma ya Guangzhou kwa 6. Muscat na Dubai ni saa ile ile. Ukipitia India au Nepal kuwa mwangalifu zaidi: India iko saa 5 na nusu mbele ya saa ya dunia, na Nepal saa 5 na dakika 45.

6. Saa ya tiketi na saa ya Kiswahili

Hapa ndipo ndege hukosekana. 10:45 ya tiketi ni saa nne na dakika arobaini na tano asubuhi. 22:00 ni saa nne usiku. 04:45 ni saa kumi na moja kasorobo alfajiri. Toa 6 kwenye saa ya tiketi; ikiwa ni ndogo kuliko 6, ongeza 6; na ikiwa ni zaidi ya 18, toa 18. Ukibaki na 0, ni saa kumi na mbili. Inaonekana rahisi ukiwa umetulia. Inakuwa ngumu pale mtu mmoja anapotuma ujumbe wa sauti "nafika saa kumi" na mpokeaji yuko Guangzhou anasoma simu yake kwa mfumo wa kimataifa. Mwandikie mwenyeji wako tarakimu, jina la mji na tarehe: "22:00 saa ya Guangzhou, Jumanne tarehe 12". Usimtumie kwa sauti.

Hatari kubwa kuliko zote ni ndege za baada ya saa sita usiku. Tarehe ya tiketi hubadilika 00:00, lakini kwa Mswahili usiku ule ni wa kuamkia. Tiketi ya 00:15 tarehe 12 ina maana uko uwanjani jioni ya tarehe 11, saa tatu usiku. Anayefika uwanjani usiku wa tarehe 12 amechelewa kwa siku nzima, na tiketi za bei nafuu mara nyingi hazirudishiwi. Ndege nyingi za Ghuba huondoka usiku wa manane, kwa hiyo hili halitokei kwa nadra. Andika kwenye kalenda saa ya kutoka nyumbani, pamoja na siku yake, badala ya saa ya ndege.

Alama ya +1 pembeni ya saa ya kufika maana yake unafika siku inayofuata. Wanaoweka hoteli mtandaoni huisahau, wakalipia usiku ambao wako angani.

7. Mlango hadi mlango

Sasa muda unaokuhusu hasa. Tuchukue msafiri wa kutoka hoteli ya Deira hadi hoteli ya Xiaobei, mtaa wa Guangzhou ambao Waafrika wengi hufikia, kwa ndege ile ya 10:45.

Hoteli hadi uwanjani kwa teksi: dakika 30. Deira iko karibu sana, lakini asubuhi barabara hujaa. Metro ya Dubai, mstari mwekundu, huingia kwenye majengo ya abiria (terminal) namba 1 na 3. Jengo namba 2 halina kituo chake. Soma namba ya jengo kwenye tiketi: Emirates iko jengo namba 3.

Uwanjani kabla ya kuondoka: saa 3. Kaunta nyingi hufungwa dakika 60 kabla, na lango dakika 15 hadi 20 kabla. Saa ya kuondoka kwenye tiketi ni saa ya ndege kusukumwa. Kwa abiria mlango ulishafungwa. Safari za China huongeza foleni kwa sababu ya mizigo na ukaguzi wa viza kaunta, kwa hiyo usipunguze hapa.

Ndege: saa 7 na dakika 15.

Uhamiaji na mkanda wa mizigo Baiyun: kadiria saa 1 na dakika 15. Wakati wa maonyesho ya biashara ya Canton, mwezi Aprili hadi mapema Mei na tena Oktoba hadi mapema Novemba, kadiria zaidi. Mwenye mzigo wa mkononi tu huokoa nusu yake.

Uwanja hadi Xiaobei: dakika 50 kwa teksi.

Jumla ni saa 12 na dakika 50. Ukitoka Deira 07:15, yaani saa moja na robo asubuhi, unaingia hotelini 00:05 saa ya Guangzhou, tarehe ya kesho. Ndege yenyewe imechukua zaidi kidogo ya nusu ya muda huo.

Kwa metro, chukua mstari namba 3 kutoka uwanjani hadi Jiahewanggang, badili uingie mstari namba 2 kuelekea mjini. Ukishuka Sanyuanli umefika upande wa masoko ya ngozi na mabegi. Ukiendelea kituo kimoja, Guangzhou Railway Station, unabadili mstari namba 5 na Xiaobei ni kituo kinachofuata. Ni nafuu mno kuliko teksi. Lakini kwa ndege inayotua 22:00 usiitegemee: utatoka nje saa tano na robo usiku, wakati treni za mwisho zinaondoka au zimeshaondoka. Weka bajeti ya teksi, na anwani ya hoteli iwe kwenye simu kwa maandishi ya Kichina, iliyohifadhiwa kama picha, maana dereva hatasoma ya herufi zetu na intaneti yako inaweza kuwa bado haijashika.

Anayeswali au kufunga ajue kwamba ndege hii inakimbilia kule ambako jua huzama mapema. Ukiondoka Dubai 10:45 mwezi wa Desemba, jua litazama ukiwa angani karibu saa 4 na nusu baada ya kuondoka, wakati saa yako ya Dubai inasema saa tisa na ushei alasiri. Adhuhuri na alasiri zinabanana. Fuata jua la dirishani, usifuate saa ya mkononi. Wakati wa kurudi mchana ni kinyume: siku hurefuka.

8. Ndege ya kuunganisha

Tiketi ya kupitia Bangkok huwa nafuu. Dubai hadi Bangkok ni kilomita 4,900 hivi, Bangkok hadi Guangzhou 1,700, jumla 6,600. Nyongeza ya kilomita 760 ni chini ya saa moja angani. Kinachokula muda ni zile dakika 40 mara ya pili, pamoja na kusubiri. Kama kusubiri ni saa 3, safari nzima inakaribia saa 12 lango hadi lango. Ukipewa chini ya dakika 90 za kubadili ndege, kubali tu ikiwa safari zote mbili ziko kwenye tiketi moja. Zikiwa tiketi mbili tofauti, ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili ni hasara yako, na huenda ukahitaji kuingia nchini kuchukua mzigo wako na kuukabidhi upya.

Hong Kong inashawishi kwa sababu iko jirani: Dubai hadi huko ni kilomita 5,930, kisha treni ya kasi kutoka West Kowloon hadi Guangzhou Kusini ni karibu saa moja. Hesabu ya umbali inapendeza. Hesabu ya muda inaongeza uhamiaji mara mbili, kutoka uwanjani hadi West Kowloon, na kusubiri treni. Mwenye mizigo mikubwa aiache.

Kwa anayeanzia Nairobi, kupitia Dubai ni kilomita 3,550 na 5,840, jumla 9,390, wakati mstari wa moja kwa moja Nairobi hadi Guangzhou ni karibu 8,690. Anayeanzia Dar es Salaam hupata 3,960 na 5,840, jumla 9,800. Kilomita 700 za ziada kwa mtu wa Nairobi hazimuumizi sana. Atakachokiona ni saa za kukaa Dubai katikati.

9. Miezi ya kuongeza akiba

Dubai hupata ukungu wa alfajiri kati ya Desemba na Februari, na ndege za asubuhi husubiri hadi jua liuchome. Guangzhou ina mvua za radi kuanzia Aprili hadi Septemba, hasa mchana na jioni, na vimbunga kati ya Julai na Septemba. Radi zikitanda juu ya Guangdong, waongoza ndege hupunguza idadi ya zinazoruhusiwa kuingia, na wewe utakaa ndani ya ndege Dubai, mlango umefungwa, ukisubiri zamu. Mwaka Mpya wa Kichina, unaoangukia kati ya tarehe 21 Januari na 20 Februari hivi, hujaza viwanja na kufunga viwanda. Anayekwenda kununua bidhaa siku hizo atafika kwa wakati na kukuta maduka yamefungwa.

Kama una miadi au ndege nyingine Guangzhou, acha angalau saa 4 baada ya saa ya kutua katika miezi ya mvua. Kama ni kikao cha kusaini mkataba, fika siku moja kabla.